Pumzi ya Masereka

Saa kumi na moja alfajiri, Hima. Lori limejaa saruji.
Masereka anapuliza kidude kando ya usukani:
taa nyekundu.
Anapuliza tena. Nyekundu.
Injini imegoma kama punda.

"Umekunywa," nikasema, mimi utingo wake,
niliyemwona usiku kucha akinywa maji,
maji tu, dumu zima,
na kuamka mara tano kukojoa.

Mlinzi wa geti akacheka: "Waragi haina siri."
Bosi akafoka kwenye simu.
Masereka, mlokole wa miaka tisa,
akapulizia kiganja chake, akakinusa.

Nami nikanusa.
Si waragi. Ni ndizi zilizoiva zikapitiliza,
utamu unaobisha hodi kwa uozo.

Zahanati, muuguzi Biira alimtoboa kidole,
akatazama namba, hakucheka.
"Sukari. Nani kamzuia huyu asiendeshe?"

Sikujua nimtaje nani.
Mteremko wa Kichwamba ulikuwa ukitungoja.

Nilirudi kwenye lori,
nikakifuta vumbi kile kidude kwa shati langu.
Jina la ugonjwa kilikosea.
Mtu, kilimpatia.