Kuota

Sista Ndelilio aliniuliza neno moja:
"Unaota?"
Ndiyo, nikamwambia, naota sana siku hizi,
jana nimeota nafua kanga mtoni Rau,
naivuta, naivuta, kanga haina pindo la mwisho.
Akacheka hadi kalamu ikamdondoka.
"Jua, mama. Nauliza kama unaota jua."

Jua lipi?
Mwezi wa saba huu, Moshi,
mlima umejifunika shuka tangu Jumapili.
Alfajiri nipo getini na kitambulisho,
nikitoka, taa za barabarani zimeshawaka.
Katikati ni ghala,
ni mirija ya taa inayonung'unika darini,
ni mkanda unaopita na buni
na vidole vyangu: nzuri, nzuri, mbovu, nzuri,
iliyotobolewa, nzuri.
Jua nalijua kama mjomba wangu aliye Tanga:
yupo, hutuma salamu.

Wiki ya tisa, kadi imeandikwa.
Aliyemo anakaribia ukubwa wa tunda la kahawa.

Sista hupanga maneno kwa mafungu, kama muuza nyanya.
Kuna vitamini, anasema, inaitwa D,
ngozi huipika yenyewe, kuni zake ni jua.
Wapo waliopima damu za wajawazito,
wakaona waliopungukiwa mapema
mara nyingine ndio wanaopandwa na sukari mimba ikikua.
"Mara nyingine," akarudia, kidole juu.
"Sikuapii. Ni wingu tu, huenda likapita.
Ila mwenye nguo kambani
si vibaya akitupa jicho."

Nikamkumbuka mama, na mimba ya Aikande.
Alikuwa akiamka usiku kunywa maji,
kata baada ya kata,
nasi tukisema ni joto la Pasua.
Aikande alizaliwa kilo tano na robo.
Vigelegele! Mtoto wa mtori huyo!
Mama alilala siku sita bila kunyanyua shingo.
Hakuna aliyejua kuzisoma zile kilo.

Nyumbani mama mkwe anakoroga uji,
vijiko vinne vya sukari, "mnakunywa wawili."
Nasema kimoja, mama.
Ananitazama kama niliyeukataa ukoo.

Leo saa ya chakula sikukaa ndani.
Nimeegemea ukuta wa nyuma, penye magunia matupu,
kilemba nimekisukuma kisogoni,
mkono mmoja wa sweta umekunjwa hadi kwenye kiwiko.
Kwenye ufa wa sakafu
punje iliyotoroka na ganda lake imeota,
majani mawili, na vumbi juu yake.

Msimamizi Kisanga akapita na daftari.
"Unasinzia kazini?"
"Naota."
Akatazama juu. Kijivu, kutoka Kibosho hadi Himo.
"Unaota nini, na jua halipo?"

Sikumjibu.
Nikakunja mkono wa pili.