Sentimita Nne

Tulilinunua kwa mwoka mikate wa Kamalondo,
halina breki, halina karatasi,
kwa bei ya mbuzi wawili na redio.
Ubavuni liliandikwa MIKATE, nyekundu juu ya njano.
Tukapiga msasa. Tukapaka buluu.
Mvua ya kwanza tu, neno likarudi,
limenyooka kama siku lilipoandikwa.
Numbi akasema: liache. Lina haki kuliko sisi.

Kazi yenyewe ilikuwa kulimezesha gari la mbio.
Nikapima tumbo lake kwa kamba.
Nikapima kwa futi ya chuma.
Mara ya tatu nikapima polepole sana,
kama mtu anayeomba kupunguziwa deni.
Korola iliingia, naam,
lakini milango yake haikufunguka.
Sentimita nne! Vidole viwili vya fundi!
Basi Kyabu, dereva wetu, akajifunza
kutokea dirishani, miguu mbele, kofia kifuani,
kama mtoto anayezaliwa vibaya
na bado anazaliwa.

Umeme wa Katuba huukumbuka mtaa wetu saa nane za usiku,
kwa hiyo saa nane za usiku tulichomelea.
Mama Feza akagonga ukuta kwa mwiko:
nyinyi, mnajenga meli?
Numbi akainua kioo cha uso, akamjibu kwa adabu:
hapana mama, tunajenga nyumba ya gari, ndani ya gari.
Kimya kirefu. Kisha mwiko tena.

Vyuma vya kupandia vilitoka mgodi uliofungwa,
na winchi pia, ile iliyokuwa ikipandisha watu.
Iliilia Korola kwa sauti ileile
ambayo baba yangu aliiga mezani
alipotaka tucheke.
Kitanda tulikitengeneza kwa mlango wa shule,
bawaba tatu, mnyororo miwili —
sahihisha: minyororo miwili, mmoja mfupi —
kinashuka juu ya boneti
hadi mtu anayelala asikie mafuta yakidondoka
chini ya mgongo wake: to. To.

Jumamosi ya mwezi wa saba tukafika,
nje ya mji, kilima cheusi cha taka za shaba
kimebaki nyuma yetu kama ng'ombe aliyelala.
Wenzetu walikuwa na mahema yenye zipu.
Sisi tulifungua mlango wa nyuma,
tukatoa mbabula, makala, sufuria ya bukari,
matairi manne tukayafanya viti.
Na baridi, ile ya Lubumbashi ambayo wageni hawaiamini,
ikaja kutuhesabu mmoja mmoja.

Tukajifungia ndani. Injini ilikuwa bado ya moto,
kuta zikapata joto,
na hapo, kutoka kwenye bati, kutoka kwenye misumari,
ikatoka harufu ya hamira.
Miaka kumi na tisa ya mikate ya alfajiri
ilikuwa imejificha chini ya rangi yetu.
Hakuna aliyesema neno.
Kyabu akavuta blanketi akasema: nina njaa sasa, mmeona?

Mbio? Mzunguko wa tatu, giaboksi.
Sitaki kueleza zaidi.

Tulirudi usiku, Korola imefungwa kwa mikanda,
imekufa na vumbi lake jekundu.
Karibu na soko la Kenya, mtu akanyoosha mkono barabarani,
kizee, koti la mvua, chupa ya maziwa.
Numbi akasimama, sijui kwa nini.
Yule bibi akazunguka hadi ubavuni,
akaligusa lile neno, herufi kwa herufi:
Mlipotelea wapi? Iko bado ya moto?

Nikatazama ndani. Chini ya kitanda
kulikuwa na nusu mkate, tuliouonea aibu kuumaliza
siku ya kushindwa.
Nikampa. Akatafuta pesa.
Numbi alikuwa ameshatia gia,
na gari, lisilo na breki tangu tulinunue,
lilitusubiri bila kusogea.