Mshale wa Mizani

Kabla ya saa moja, kabla gunia la kwanza
halijateremshwa na bodaboda kutoka Wanale,
natandika mkeka wangu ndani ya stoo,
kati ya kahawa ya jana na mlango wa bati.
Mbale bado inapiga mswaki.

Nilianza kwa sababu ya mgongo, si kwa hekima.
Miaka kumi na tisa ya kuinamia magunia
ilinipinda nikawa kama kulabu ya mizani.
Daktari alinipa vidonge. Bi Harshida wa duka la vitambaa
alinipa chumba chake cha ghorofani, kila Jumamosi,
wanawake watano tumelala chali, tunahesabu pumzi,
mifupa ya Nandudu ikilia kama mlango wa kanisa
hadi tunacheka na kupoteza hesabu.

Mchungaji aliniuliza: Khainza, hiyo yoga ni dini gani?
Nikamwambia: ni mgongo, baba.
Akatafakari. Kisha akauliza bei ya kahawa.

Leo simu imelia mara tatu.
Ni kaka yangu, Wepukhulu.
Mwanawe anaingia jandoni Agosti,
ngoma za kadodi zimeshaanza kupita barabarani,
anataka fahali, anataka pesa zake kabla ya saa sita,
na mwisho wa ujumbe ameandika:
*Au wewe si shangazi?*

Neno hilo linajua pa kuchoma.

Zamani ningejibu papo hapo nimesimama,
kidole kikikimbia mbele ya kichwa.
Ningetuma zote, nimchukie mwezi mzima,
au ningetuma tusi,
halafu jioni, kwa haya, nitume pesa vilevile.

Naiweka simu juu ya gunia, uso chini.
Nasimama mkao wa mti:
wayo wa kulia juu ya paja la kushoto,
viganja vimekutana kifuani,
macho kwenye msumari mmoja ukutani.
Nayumba.
Naanguka kwenye kahawa ya watu.
Narudi.

Vuta, hesabu nne. Toa, hesabu sita.
Hasira inaingia bila hodi; naiachia kigoda.
Nyuma yake kuna woga: mkopo wa benki, paa linalovuja.
Vuta. Nyuma ya woga kuna aibu.
Toa. Na nyuma ya aibu, sikuitarajia kabisa,
imeegemea ukuta wa nyumba ya baba
ile baiskeli nyeusi
aliyoiuza Wepukhulu nikalipiwa karo ya darasa la saba.
Akatembea kwa miguu miaka minne.
Hajawahi kuitaja.

Wakulima wageni hunihimiza: soma, mama, soma!
Nami huwaambia, gunia bado linabembea.
Mshale unaocheza haudanganyi,
ila haujasema kitu.

Basi nangoja. Kuku anapita. Jua linaingia
kwenye tundu la msumari, linagusa goti langu.
Halafu naokota simu, naandika polepole:
*Fahali siwezi, kaka. Nina mbuzi wawili
na pesa za ulezi wa malwa.
Nitakuja mwenyewe siku tatu kabla, nikoroge.
Baiskeli naikumbuka.*

Mstari wa mwisho naufuta.
Nauandika tena.
Natuma.

Nisikudanganye: saa tatu asubuhi hiyohiyo
nilinunua gunia bichi kwa bei ya kavu,
pamoja na pumzi zangu zote na mti wangu.
Yule kijana alikuwa na tabasamu zuri, nami nilikuwa na njaa.
Bi Harshida akisikia atacheka, naye mwaka jana
alikodisha duka kwa mwizi.

Ujumbe umesomwa. Kaka hajajibu.
Huenda amekasirika, huenda yuko shambani.
Gunia lingine linatundikwa kwenye kulabu,
linazunguka kulia, linarudi kushoto,
mwenyewe anakohoa, anatazama mkono wangu.

Sijashika kalamu bado.