Matembezi, Mikindani

Nilimwonyesha boma, ngazi kwa ngazi,
nikamwonyesha mlango wa Bi Zaituni Nampota,
nakshi zake zimeliwa na chumvi upande wa kusini.
Akapiga picha misumari ya shaba.
Mwenye mlango alikuwa ndani, anapepeta choroko.
Huyo hakumpiga.

Mji wetu ukiuzunguka wote hufiki saa mbili.
Nikampeleka kwa Likwemba, kibarazani,
penye vumbi jeusi la mpingo
na redio isiyo na mgongo.
Hii sura yenye ndonya, akauliza, bei gani?
"Hiyo ilicheza jandoni mwaka jana,
haijapumzika."
Hakuongeza neno. Patasi ikaendelea: ko, ko,
jicho moja kwenye gogo, la pili sijui wapi.

Tukashuka, tukala pweza kwa ndimu.
Akaniachia elfu kumi na soda nusu.

Mwezi wa pili nikapita tena.
Rafuni, katikati ya mashetani wawili,
kasimama mgeni wangu, mweusi ti:
kofia pana, kamera kifuani,
shingo imerefushwa kidogo, inachungulia
mlango usiokuwapo.

Nikauliza bei.
Likwemba akampuliza vumbi masikioni.
"Huyu bado namtazama."