Miguu ya Wardani

Mnaniuliza habari ya sauti yake.
Sauti mliisikia wote, hadi ng'ambo ya mfereji.
Mimi niliijua miguu.

Basra wakati huo ilikuwa matete matupu:
nyumba za matete, msikiti wa matete;
jeshi likisafiri, watu wanafunga kuta zao mizigo,
wakirudi wanazisimamisha upya
na kubishana mlango ulikuwa ukitazama wapi.
Yangu peke yake ilikuwa ya udongo.
Marehemu aliijenga tofali kwa tofali,
akafa kabla ya kupaka chokaa.
Ndiyo maana wakaja: Umu Ghadhira, tuazime paa.
Nikasema chukueni, lakini asikohoe juu ya unga wangu.

Akakohoa.

Kila alfajiri, giza halijapauka,
ngazi inalia mara tisa,
kisha kisigino kile cha kushoto,
kilichokaa pinguni miaka kwenye machimbo ya chumvi,
kinaburuta kidogo, kinatua juu ya kichwa changu.
Vumbi linaangukia sinia.
Yeye kimya, anaungoja weupe wa mbingu,
mimi kimya, naungoja unga uumuke,
wawili macho katika mji mzima
na kati yetu boriti za mtende.
Miaka sita. Hatukuwahi kusalimiana zaidi ya hapo.

Matamshi yake, mkitaka kujua, hayakuwa safi.
Ile ha ya kooni ilimshinda,
ilimtoka nyepesi kama ya mtoto,
vijana wa Tamimu wakimwigiza sokoni.
Siku moja nilimsikia huko juu akiirudia peke yake,
polepole, herufi ile moja,
kama mtu anayejaribu ufunguo
kwenye kufuli la nyumba ya watu.

Kisha usiku ule wa upepo wa moto.
Jiko la nani, hatujui; kila mtu alimtaja jirani yake.
Ulianzia kwa Waazdi, matete yakaanza kualika,
na watu wamelala ule usingizi wa mavuno ya tende.
Nikatoka nikapiga ukelele: Nari! Nari!
Upande wa Waajemi hakuna aliyejigeuza.
Mwajemi mmoja akaita kwao: Atashi!
Waarabu wakadhani walevi wanagombana.
Wazuti nao, kule bwawani na nyati wao,
walikuwa na neno lao la moto. Mpaka leo silijui.

Ngazi haikulia mara tisa. Ililia mara tatu.
Na juu ya kichwa changu, saa isiyo ya swala yoyote,
isha imekwisha, alfajiri iko mbali,
Wardani akaadhini.

Nikauona mji ukiamka.
Wakatoka na mabirika, na vibuyu vya udhu,
mikono ya kanzu imekunjwa,
wananung'unika: amerukwa na akili mtumwa huyu.
Na wakiwa wamesimama vile vile, maji mkononi,
wakauona moto.

Nyumba sabini ziliungua. Watu, wawili.

Asubuhi wazee wakakaa kwenye jivu kumhukumu.
Kuadhini nje ya wakati ni kuwaongopea waumini, walisema;
na aliyesema kwa ukali kuliko wote
ndevu zake zilikuwa zimeungua upande mmoja.
Wardani akajibu, kwa ha yake ile ile:
"Sikuwa na neno jingine mnalolijua nyote."

Hakuna aliyemjibu.
Hata hivyo wakamsimamisha siku arobaini.

Aliyepewa zamu, kijana mwenye koo safi,
alipanda kama paka. Sikumsikia.
Siku tatu mfululizo unga wangu ulichacha.

Siku ya arobaini na moja niliamka mapema mno.
Nikatia maji, nikatia chumvi,
nikachukua kawa ya kufunikia sinia,
nikaishika, kisha nikairudisha ukutani.
Ngazi ikalia.
Nikahesabu mpaka tisa.
Vumbi likaanguka, chembe chache tu, jekundu,
nikalikanda humo humo.