Pumzi ya Maico

Gereji ya kaka yangu Gommaar, Lommel, saa mbili usiku.
Mvua imekoma. Mchanga haukomi.
Uko kwenye soli, uko kwenye droo ya spana,
uko kwenye siagi, mke wake alikuwa akilalamika,
mpaka akaaga dunia akiulalamikia.

Nimeweka boksi la hewa juu ya gazeti.
Plastiki yake ilikuwa nyeusi; sasa imepauka
kama joho la padri mstaafu.
Gundi ya zamani imeng'ang'ania kingoni,
ukoko uliosahauliwa sufuriani.
Naibandua kwa kisu cha viazi,
kisha msasa, kisha spiriti,
kisha kidole, maana kidole hakidanganyiki:
palipo na mafuta, gundi haishiki.

Gommaar amekaa kwenye kiti cha bustani,
mrija wa oksijeni puani,
mtungi kando yake kama mbwa mwenye adabu.
Miaka kumi na tisa chini ya Zolder, kwenye makaa.
Siku daktari alipomwonyesha picha ya kifua
alirudi nyumbani akasema hivi tu:
"Hakikuwa na chujio."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Wahenga hawakuwa na Maico ya mwaka sabini na nne.
Hapa usipoziba ufa, kabureta hunywa mchanga,
mchanga hushuka, huichuna pistoni
mistari kama ya kucha za paka,
na kufikia mzunguko wa tatu
unasukuma chuma cha kilo mia
mbele ya kila mtu unayemjua.

Nalijua hilo. Mwaka sabini na sita
boksi hili nililiziba mimi.
Nilikuwa na miaka kumi na minne
na ahadi na mvulana wa Overpelt,
nikapaka silikoni huku natazama saa.
Pembe ya chini, kushoto. Uwazi wa ukucha.
Usiku ule Gommaar aliifungua injini,
akaitazama silinda muda mrefu,
akanawa mikono, akala supu.
Hakuniuliza.
Miaka yote hii hajaniuliza.

Leo sitazami saa.
Jumapili mjukuu wake, Jorinde, ataipanda
kwenye mchanga uleule.
Napaka utepe mmoja usiokatika,
naulainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni.
Mpira wa shingo nauchovya maji moto ulegee,
nausukuma tunduni, mdomo huu ndani, mdomo huu nje,
unakataa, nautukana Kiflamandi, unaingia.
Klipu: bisibisi nusu mzunguko, basi,
ukizidisha, mpira hujikunja na kukusaliti.
Sponji ya chujio nimeitia mafuta, nimeikamua,
haidondoshi tone,
ila inanata kama mkono wa mtoto aliyeiba asali.
Grisi ukingoni, pande zote,
hata pale pasipoonekana,
hasa pale.

"Zima taa," anasema.

Natumbukiza tochi ndani ya boksi,
nafunga kifuniko, nabonyeza swichi ya ukutani.
Giza. Mtungi unafoka kidogo, unanyamaza, unafoka.
Nalizungusha boksi polepole mikononi.
Giza upande huu. Giza upande ule.
Naanza kujisifu moyoni.

"Hapo."

Nyota moja. Ndogo kuliko ncha ya sindano.
Pembe ya chini, kushoto.

Hatusemi kitu. Kisha namsikia anacheka,
anakohoa, anacheka tena juu ya kikohozi.
"Kama mwaka ule," anasema.
"Yule mvulana aliitwa nani?"

Nimemsahau jina.
Naomba asiwashe taa kwanza.
Napapasa gazetini, naipata silikoni,
naifuata nyota kwa ncha ya kidole,
naigusa, naikandamiza,
hadi inazimika,
na gerejini unabaki mtungi peke yake,
unahesabu.