Volti Tatu

Taa yake ya buluu inapepesa, kwa hiyo haijafa,
najiambia, nimepiga magoti chini ya meza
kama mtu aliyedondosha hereni.
Tik. Tik. Tik. Halafu kimya.
Kompyuta inasema haijaona kitu.

Nje, Kajaani iko nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri,
theluji inalia chini ya viatu vya wapita njia,
na mimi nimechomoa, nimechomeka,
nimezima, nimewasha,
nimehama tundu la mbele nikaenda la nyuma
kwenye vumbi la miaka, nikapuliza,
nikapiga chafya hadi miwani ikaanguka.
Nimebadili waya.

Nyaya hazikosekani. Taisto hakutupa waya maishani mwake.
Droo nzima, na kila mmoja una kipande cha selotepu
chenye mwandiko wake wa fundi wa reli:
*wa printa ya zamani.*
*wa kamera ya Helvi, arudishiwe.*
*huu sijui wa nini, usitupe.*
Sikuutupa. Nimeujaribu pia.

Akiba haiozi, husema watu.
Hao hawakuwahi kuiweka katika kisanduku cheusi
kinacholia kama saa iliyokwamwa na mfupa.

Kwa waya wa sita skrini ikazinduka, ikauliza
kwa adabu, kama karani wa benki:
Diski hii haisomeki. Ungependa kuifomati?
Mimi nikiulizwa kwa adabu husema ndiyo.
Hivyo ndivyo nilivyonunua kile kifagio cha umeme.
Kidole kilikuwa kimeshuka nusu ya safari
Vilppu wa ghorofa ya tatu alipoingia,
niliyemwita kwa kuwa ana miaka kumi na saba
na kwangu hicho ni cheti cha kutosha.
"Usiguse!"
Nikarudisha mkono kifuani kama mwizi.

Akalala kifudifudi, soksi moja imetoboka,
akamulika adapta kwa simu, akasoma
herufi ndogo kuliko mbegu za haradali.
"Hii inatoa volti tisa. Diski inataka kumi na mbili."
Kwa hiyo?
"Kwa hiyo ina njaa. Inaamka, inajaribu kusimama,
inaanguka. Hiyo tik unayoisikia ni magoti yake."

Na ya kumi na mbili iko wapi?

Tukageuka pamoja kutazama dirisha.
Nyota ya karatasi ya Krismasi,
ambayo nimekuwa mvivu kuishusha hadi Februari,
ambayo majirani waliisifia,
ambayo mimi mwenyewe nilisimama uani kuitazama
nikasema, mwaka huu inawaka kweli kweli.

Ilikuwa inakula chakula cha Taisto.

Tukaizima. Chumba kikapungua kidogo.
Diski ikavuta pumzi ndefu, ikazunguka,
folda zikajitokeza mojamoja: *Nakala.*
Ndani yake *Nakala ya Nakala.* Ndani yake
*Nakala Mpya, HII NDIYO.*
Vilppu alicheka. Mimi nilimjua mwenye nyumba.

Nilitarajia picha. Zilikuwapo, za injini ya boti.
Lakini chini kabisa faili arobaini na moja za sauti,
zimepewa tarehe tu, zote za usiku, zote za baridi kali.
Kumbe huko ndiko alikokuwa akienda
akisema anakagua nyavu.

Vilppu akasema tunakili kwanza, usikilize baadaye,
diski iliyodhoofika haiaminiki.
Ana haki. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.
Alipopanda kwao nikafungua moja.

Ziwa. Barafu inanenepa gizani, inajinyoosha,
mlio mrefu unaokimbia hadi ng'ambo na kurudi,
halafu pumzi ya mtu karibu na kinasa,
halafu tik. Tik.
Tik.

Nimeinamisha sikio kwenye spika,
kisha kwenye kisanduku,
kisha kwenye spika tena.
Sijui ni barafu au ni diski.
Mstari wa kijani umefika nusu.